Ni nani? Juu ya «Mulozi wa Kunguru» wa Ngũgĩ wa Thiong'o

Kando ya ziwa letu, toka Uvira mpaka Baraka na Fizi, kila katekista anajua swali linaloingia katika nyumba ya mgonjwa kabla ya dawa, na mara nyingi kabla ya padri. Watu hawaulizi, Ni ugonjwa gani? Wanauliza, Ni nani? Mtoto amekufa kwa homa: ni nani? Mtumbwi umezama usiku, na wavuvi wengine wote wamerudi salama: ni nani? Swali hilo ndilo linalompa mufumu kazi yake na chakula chake. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwaletea wasomaji wa gazeti hili kitabu kimoja kikubwa ambacho, chini ya vicheko vyake vingi, kinalishika swali hilo hilo na kuligeuza huku na huku.

Kitabu chenyewe ni «Mũrogi wa Kagogo». Ngũgĩ wa Thiong'o alikiandika kwa Kikuyu, kikaanza kutoka kwa sehemu mwaka 2004; kisha yeye mwenyewe akakifasiri kwa Kiingereza mwaka 2006, kurasa zaidi ya 700. Nimekisoma kwa Kiingereza. Mwandishi alizaliwa Kamĩrĩĩthũ, katika Kenya, mwaka 1938, akafa Marekani tarehe 28 Mei 2025. Hakuwa mtu wa Eklezia. Mwaka 1970, alipoalikwa na Wapresbiteri wa Kenya, aliwaambia waziwazi kwamba yeye si Mkristu, na baadaye akaliacha jina lake la ubatizo, James. (Sisi wa nchi hii tuliondolewa majina ya ubatizo kwa amri ya serikali mwaka 1972, yeye aliliacha lake kwa kupenda. Mambo hayo mawili yasichanganywe.) Mwishoni mwa mwaka 1977 alitiwa kizuizini, na humo gerezani akaandika, juu ya karatasi za chooni, ile hadithi ambayo Waswahili wanaijua kwa jina la «Shetani Msalabani». Seminarista anayeogopa kusoma kitabu cha mtu wa namna hii akumbuke kwamba Mtakatifu Augustino alimsoma Virgili, akalia machozi.

Tuanze na jina, maana jina limebeba nusu ya maana. Kwa Kikuyu kuna mũndũ mũgo, mtu wa kuponya na kuagua, anayeheshimiwa. Na kuna mũrogi, mtu wa usiku, anayechukiwa. Ngũgĩ hakuchagua neno la kwanza. Alichagua la pili, baya, na Kiingereza chake kimelilainisha hata limekuwa neno la hadithi za watoto. Kiswahili chetu cha Kongo hakihitaji kulainisha kitu. Mũrogi ni mulozi, mzizi mmoja, hofu moja. Wageni kutoka Dar es Salaam hucheka wanaposikia kwetu kwamba kijijini kumejaa balozi, wakidhani ni wajumbe wa serikali za ng'ambo. Mama mzee anayeitwa hivyo jioni, mbele ya vijana wenye petroli, hacheki. Basi shujaa wa kitabu hiki anajiita kwa hiari jina ambalo kwetu ni hukumu ya kifo. Msomaji wa Kiingereza hawezi kuliona jambo hili. Msomaji wa Uvira analiona tangu jalada.

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Katika nchi ya Aburĩria, ambayo haimo katika ramani, kuna Mtawala anayevaa suti zilizotiwa vipande vya ngozi ya wanyama wakali (sisi tuliovumilia kofia ya chui kwa miaka mingi tunamtambua jamaa yake), na mawaziri wake wamekwenda kupasuliwa ng'ambo ili wamtumikie vizuri zaidi: mmoja amekuzwa macho, anaitwa Machokali, mwingine masikio, anaitwa Sikiokuu. Wanataka kumjengea Mtawala mnara wa kufika mbinguni, na fedha waombe kwa benki ya wazungu. Hapo hakuna haja ya maelezo kwa mtu aliyesoma Mwanzo sura ya 11. Usiku wageni wa benki wanapokaribishwa hotelini, ombaomba wanakusanyika nje, polisi wanawapiga, na kijana mmoja na msichana mmoja, wote wawili wamevaa matambara lakini si ombaomba, wanakimbizwa mpaka nyumbani kwa yule msichana. Kijana ni Kamĩtĩ, mwenye shahada za India na mfuko mtupu. Msichana ni Nyawĩra, karani wa tajiri mmoja mchana, na usiku mmoja wa wale wanaompinga Mtawala.

Sasa tazameni jinsi mulozi anavyozaliwa. Polisi wako karibu. Kamĩtĩ anatwaa kipande cha karatasi ngumu, anaandika kwa herufi kubwa onyo kwamba nyumba hii ni ya mchawi ambaye nguvu zake zinaangusha hata kunguru kutoka angani, anatia sahihi, na kando yake anatundika mifupa iliyofungwa na tambara, pamoja na mjusi na chura waliokufa. Polisi wanafika, wanasoma, wanakimbia. Basi. Hakurithi pembe ya babu, hakunywa kiapo, hakulala makaburini. Aliandika sentensi tatu au nne, na wasomaji wake wakafanya kazi iliyobaki. Sijui kitabu kingine cha Afrika kilichosema kwa wazi namna hii kwamba nguvu ya mulozi inakaa katika jicho la mtu anayemsoma.

Wazee wa Uvira hawataona jambo hili kuwa mchezo wa mwandishi. Mwezi Mei 1964 Simba walipouteka mji huu, na katika miji mingine mingi ya mashariki mwaka ule, askari wa serikali wenye bunduki nzuri walikimbia watu wenye mikuki, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba risasi zinageuka maji mbele ya wale waliopakwa dawa. Habari ilitangulia, jeshi likafuata nyuma yake mikono mitupu. Hata hapa Ngũgĩ amesema kweli tupu. Lakini upande wa pili wa kweli ile, nitaurudia chini, hakuutazama vya kutosha.

Asubuhi yake mmoja wa polisi wale wale anarudi peke yake. Anaitwa Arigaigai Gathere, au kwa kifupi A.G., mtu mwenye mdomo usiochoka, anayetia «Haki ya Mungu!» katika kila jambo analosimulia. Hakuja kumkamata mulozi. Amekuja kumwomba amwondolee maadui wanaomzuia kupandishwa cheo. Ndiyo habari ya zamani ya mfalme Sauli: aliwafukuza waaguzi katika nchi, kisha usiku akabadili nguo, akaenda kwa mwanamke wa Endori. Kamĩtĩ anatafuta njia ya kumtoa mlangoni. Anamwambia afikiri juu ya adui yake mpaka sura yake itokee katika kioo, naye mulozi ataikwaruza sura ile. Yule polisi anaondoka amefurahi. Kwa bahati anapandishwa cheo. Na kesho yake mstari wa wateja umefika barabarani. Karibu wote wanataka kitu kimoja. Si afya. Wanataka jirani aliye mbele yao katika njia ya fedha aangushwe.

Nimesema Kamĩtĩ hakuagua kitu. Ni kweli, na hapo ndipo akili ya kitabu ilipo. Kioo hakimwonyeshi mteja jambo geni. Kinamrudishia jina alilokuja nalo moyoni. Kila padri aliyeketi pamoja na jamaa waliotoka kwa mufumu anajua kwamba jina lililotolewa na kibuyu au na maji halikuwa jipya kwa mtu yeyote: ni mke mwenza, ni shangazi mgane, ni kaka aliyejenga nyumba ya mabati. Mufumu mwenye akili huuliza maswali kwanza, polepole, mpaka mteja atoe mwenyewe kile alichokuja kununua. Ngũgĩ ameieleza kazi hii vizuri kuliko vitabu vingi vya wataalamu, tena bila kumwita mtu mjinga.

Kisha kioo kinaanza kugeuka. Anakuja Tajirika, mwajiri wa Nyawĩra, mwenyekiti wa ule mradi wa mnara, ameletwa na mke wake Vinjinia. Amepewa magunia ya rushwa kwa siku chache, na ghafula ameshikwa na ugonjwa: anajikwaruza uso mbele ya kioo na hawezi kusema ila neno moja, «ikiwa». Mkewe anataka kujua ni nani amemroga. Mulozi hamtaji mtu. Anamvuta Tajirika, neno kwa neno, mpaka amalize sentensi yake: ikiwa ngozi yangu ingekuwa nyeupe. Ugonjwa ulikuwa tamaa ambayo mwenyewe aliona haya kuitamka. Adui aliyemo katika kioo ni yeye. Msomaji wa gazeti hili atakuwa ameshatambua kitu hapa. Mtu anaondolewa swali la «ni nani», anatiwa katika swali la «mimi je?», na anapona kwa kutamka kwa kinywa chake. Hiyo ni nusu ya Kitubio. Ni nusu tu, maana hakuna majuto, hakuna maondoleo, na Tajirika anatoka pale mzima wa ulimi lakini mwizi kama alivyoingia. Tena mwandishi anajua hivyo, kwa kuwa mwisho wa kitabu mtu huyo huyo ndiye anayekalia kiti cha enzi. Mganga alimponya asimwongoe. Sijui kama Ngũgĩ alikusudia kutuonyesha upungufu wa uganga wake, lakini ameuonyesha.

Sasa majani. Kamĩtĩ anachoshwa na wateja, na harufu ya tamaa yao inamfukuza. Maana ana pua inayonusa uovu kama sisi tunavyonusa samaki walioharibika. Anakimbilia msituni, anajifunza mimea, na Nyawĩra anapomfuata anajifunza pamoja naye. Wanaporudi mjini, jina la Mulozi wa Kunguru linakuwa la wote wawili, na nyumba ile inakuwa mahali pa kuponya. Anayetafuta humu kitabu cha dawa hatakipata. Atapata kitu kinachoitwa Mimea Saba ya Neema. Nacho, ukikifungua, si mimea hata mmoja. Ni mashauri: mwili utunzwe kama hekalu la roho, angalia unachokula na kunywa, tumbaku na pombe zinafunga watu, uchoyo unaleta kifo, uhai wa mti na wa mnyama na wa mtu unachota katika mto mmoja. Hekalu lile tunajua limetoka wapi. Mtu aliyesema si Mkristu amemwazima Mtakatifu Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6, hakuona lazima ya kumtaja. Hatumdai.

Ninasifu sana sehemu hii, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo sisi wenyewe, katika mahubiri ya haraka, huyafunga pamoja: jani na uaguzi. Eklezia haijawahi kugombana na jani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ameumba dawa kutoka ardhini na mwenye busara hazidharau. Gome la mti wa kinkina, linalotoa kinini, lilijulikana Ulaya katika karne ya 17 kama unga wa Wajesuiti, na aliyelieneza Roma alikuwa Kardinali Juan de Lugo. Mti ule ulipandwa katika milima yetu ya Kivu, na kiwanda cha Bukavu kikatoa kinini humo. Bibi aliyekuchemshia majani ulipokuwa mtoto hakufanya bulozi. Katekisimu ya Eklezia Katoliki, namba 2117, haizikatai dawa za kienyeji, ila inakataza mambo mawili: kuita nguvu za uovu, na kula mali ya mtu kwa kuutumia wepesi wake wa kusadiki. Katekista akishika mambo hayo mawili, atajua mahali pa kusimama bila kumtukana nyanya wa mtu.

Hata upande wa pili wa Rusizi jambo hili lilileta shida. Umurinzi, mti wenye maua mekundu ambao wataalamu huuita Erythrina abyssinica, ni mti wa ibada ya Ryangombe na Kiranga, na wamisionari waliipiga vita ibada ile kwa nguvu. Ibada ilikuwa na neno la kujibu. Mti haukuwa na neno.

Ngũgĩ ana mti wake pia, na ni wa ajabu kuliko wote. Magunia ya rushwa aliyolipwa kwa ajili ya Tajirika yananuka mno puani mwa Kamĩtĩ, naye anayazika nje ya mji. Pale yalipozikwa panaota miti yenye majani ya dola. Watu wa Mtawala hawaulizi mengine tena. Wanataka mulozi awafundishe kilimo kile. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kisha nikawakumbuka vijana wanaoacha masomo kwenda kuchimba dhahabu Misisi na Kamituga, wakiambiwa kwamba dhahabu inafuata damu. Mti wa dola unaota kila mahali penye kaburi la rushwa.

Lakini kilele cha kitabu, kwa maoni yangu, si mti huo. Waziri Sikiokuu anamtafuta Nyawĩra amkamate, na polisi wake wameshindwa. Ndipo anapokumbuka mulozi. Anamtia Kamĩtĩ mikononi mwake na kumwamuru aagulie serikali: kioo kitaje mahali alipo yule mwanamke. Kamĩtĩ anajua vizuri alipo, kwa kuwa ndiye mpenzi wake. Anacheza na muda. Kioo cha hapa hakifai. Vinatakiwa vioo vya ng'ambo. Na waziri, mtu wa elimu na suti, anaagiza kweli vioo kutoka Japani, Italia, Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Marekani. Msomaji anacheka, naye ana haki ya kucheka. Chini ya kicheko kuna jambo zito: mwaguzi anaombwa jina, analijua jina, na halitoi. Polepole tangu A.G. mpaka Sikiokuu, mulozi huyu ameacha kukwaruza sura ya adui, akafika mahali pa kukataa kumtaja jirani hata chini ya mkono wa serikali. Anakataa kwa sababu katika kioo, badala ya adui wa mteja, kuna mtu anayempenda.

Hapo ndipo ninapokileta kitabu Kivu ya Kusini, na ndipo ninapoanza kugombana nacho. Mwaka 2021, katika Kabare, wanawake wazee waliuawa, wengine kwa moto, kwa kuwa walitajwa kuwa wachawi. Waliowataja, mara nyingi, ni wanawake wanaoitwa bajakazi, wanaojidai kuona kwa sala ni nani amemloga nani. Hawashiki mifupa wala chura. Wanashika rozari na Biblia. Someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 16, mstari wa 16: yule msichana wa Filipi mwenye pepo wa kuagua, aliyewapatia mabwana zake faida nyingi, Biblia ya Kiswahili ya zamani inamwita kijakazi. Tena alikuwa akimfuata Paulo na kutangaza maneno ya kweli juu ya Mungu aliye juu. Paulo hakufurahi kwa kupata msaidizi. Alichukizwa, akamfukuza pepo, na mabwana wakampeleka Paulo mahakamani kwa sababu ya hasara. Haikosi hapo hata mtu mmoja wa Kabare.

Katika Aburĩria hatumzikii mtu aliyetajwa na kioo. Ndiyo ila yangu kubwa juu ya kitabu hiki. Kamĩtĩ alikwaruza sura nyingi kabla ya kuchoka, kila sura ilikuwa ya mtu mwenye jina na watoto, na hadithi haigeuki kuwatazama. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika «Mzimu wa Watu wa Kale» cha mwaka 1960, alitumia kurasa chache sana kuliko hizi, na ucheshi wake ni wa kawaida. Lakini kwake mzimu una maiti ndani, na Bwana Msa hapumziki mpaka ajue ni mkono wa mwanadamu yupi uliojificha nyuma ya mzimu. Ngũgĩ ni mkubwa kuliko yeye kwa kila kipimo cha sanaa. Kwa kipimo hiki kimoja, yule wa Unguja alikuwa mkali zaidi.

Vivyo hivyo na lile bango la mlangoni. Askari walikimbia mwaka 1964, nimesema. Lakini vijana waliopakwa dawa, wakaambiwa wasiguse mwanamke na wasitazame nyuma, nao walianguka mbele ya risasi ambazo hazikugeuka maji. Na kila aliyeanguka walisema amevunja mwiko. Dawa haikukosea hata siku moja. Mkosaji alikuwa maiti. Mwaka ule ule, tarehe 28 Novemba, waliuawa huko Baraka na Fizi Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, ambao Eklezia iliwatangaza wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Simlaumu mtu wa Kenya kwa kutoandika juu ya makaburi yetu. Ninasema tu kwamba mahali penye makaburi hayo bango la mifupa na mjusi halichekeshi mpaka mwisho.

Sehemu za Marekani, Mtawala anapovimba kama puto na madaktari kumzunguka, zinachosha. Ningezipunguza kwa nusu. Juu ya Wakristu wa kitabu hiki, wengine watakasirika bure. Kuna Askari wa Kristu, wafagiaji waliomwona Kamĩtĩ akiinuka katika jalala wakadhani ni Shetani, na tangu hapo wanamwinda mji mzima kwa nyimbo: tunao wa namna hiyo, tusijifanye hatuwajui. Lakini kuna pia Maritha na Mariko, mume na mke wazee, ambao kila Jumapili husimama kanisani na kuungama mbele ya watu wote vishawishi walivyopigana navyo wiki ile, hata watu huja toka mbali kuwasikiliza kama wanavyokwenda kwenye mchezo wa mpira. Mwandishi anawacheka mwanzoni. Kisha, waliowindwa na serikali wanapokosa pa kujificha, ni wazee hawa wawili wanaofungua mlango, na hawaulizi walioingia ni nani.